Nilivyompeleka Fahali Malakisi

Tangu nirudi, kila anayepita kibandani kwangu kununua chaja anaanza na swali lile lile: "Simiyu, ni kweli ulienda Malakisi kwa baiskeli?" Wengine wanaongeza, "Na ni kweli ulimnyima baba yako mdogo nyama?" Nimechoka kujibu vipande vipande huku nikitafuta kava za simu. Nawaandikia yote mara moja. Asiye na subira na arukie Malakisi, ila asiniulize tena kwa nini natembea kama mtu aliyekalia miba.

Lazima nianze na mama. Mama yangu ana miaka mingi na kumbukumbu chache. Anaishi Malakisi na mdogo wangu Wafula na mkewe Truphosa. Baba alifariki zamani, lakini mama amelisahau hilo, na kila jioni anakwenda langoni kumsubiri. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni kwamba alianza kukataa chakula cha jioni. Mke hali mume akiwa njiani, alisema, na hakuna aliyeweza kumbishia. Asubuhi chai kidogo, mchana anachezea sahani, jioni hagusi kitu. Wafula aliniambia kwamba leso sasa inamzunguka mara mbili. Siku moja walijaribu kumweleza ukweli. Alilia kama aliyefiwa saa ile ile, na kesho yake jioni akaenda langoni tena. Nilipolisikia hilo nililia pia, hapo kibandani, mbele ya wateja.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, na alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi. Kwenye kava la cheni aliandika kwa rangi nyeupe: FAHALI. Tulipokuwa watoto hatukuhitaji kumwona akija. Kipini kinachoshika mkono wa pedali, wanachokiita kotapini, kilikatika mwaka fulani, na baba hakununua kingine. Alichukua bolti kuukuu ya plau, akaichonga kwa tupa hadi ikaingia. Ilishika, ila haikukaza. Kila pedali ya kulia iliposhuka ilisema tok. Kisha kimya. Kisha tok. Mama akiisikia kutoka jikoni, anaanza kupakua ugali.

Mara ya mwisho kunitembelea, baba alikuja na baiskeli hiyo kwangu Kitale. Aliugua akiwa hapa, akarudishwa nyumbani kwa gari, na baiskeli ikabaki ikining'inia kwenye stoo yangu hapa mtaani Matisi. Juzi nilipokuwa nikitafuta ndoo humo ndani, niligonga pedali kwa kichwa. Ikasema tok. Nilisimama gizani na ndoo mkononi, nikajua la kufanya. Mngesema niipakie kwenye kenta ifike siku hiyo hiyo. Lakini baiskeli iliyopakiwa haina sauti. Mama alipaswa kuisikia ikija.

Nikapiga simu nyumbani. Alipokea Truphosa. Sikutaka kueleza mengi, maana wazo lenyewe lilikuwa la kitoto na nilijua.

"Shemeji," nikasema, "mwambie Wafula nakuja. Naleta Fahali."

"Fahali?"

"Ndio. Fahali ya mzee. Ni ya mama. Labda atakula."

"Ai, shemeji!" Sauti yake ilitetemeka. "Mungu akubariki sana."

Nilishangaa kidogo kwamba anaipenda baiskeli kiasi hicho. Truphosa aliolewa kwetu baada ya baiskeli kuhamia Kitale. Hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Matisi hadi Kiminini

Niliondoka asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi. Mama Sharon, mke wangu, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ukizimia njiani tukulete na nini?" akauliza. "Na hiyo hiyo?"

Nilikuwa nimetia tairi mpya. Vingine vyote vilikuwa vya baba, hata kiti cha ngozi chenye umbo la makalio yake, ambalo si umbo langu. Nilipita Matisi watu wakifagia mbele ya maduka, tok, tok, na watoto wa shule wakinicheka, nami nikawapigia kengele. Nje ya mji barabara ilinyooka, miti ya milingoti ikasimama pande zote mbili ikinong'ona. Mlima Elgon haukuonekana. Ulikuwa huko kulia, nyuma ya ule ukungu mweupe kama maziwa, na mara kwa mara nilihisi unanitazama.

Kabla ya Kiminini gurudumu la nyuma likaishiwa na pumzi. Nilikuwa na boksi la viraka na solusheni, nilivyonunua kwa kujiamini kabisa. Nilikaa kando ya barabara nikalifungua lile boksi, nikagundua kwamba sijui kinachofuata. Miaka yangu yote ya utu uzima nimeishi kwa vitu kuharibika. Chaja ikikatika mnaileta, nawauzia nyingine, ile ya zamani naitupa kwenye ndoo. Sijawahi kuuliza ndani yake kumeharibika nini.

Mama mmoja alikuwa akifua kwenye bomba karibu na pale. Alinitazama nikihangaika na tyubu, kisha akanisogezea beseni lake lenye maji ya sabuni.

"Izamishe humo," akasema. "Penye mapovu ndipo penye tundu."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Mzee wangu ndiye alijua halafu."

Akapita kijana wa bodaboda, akazima pikipiki. Yeye alijua kwamba lazima pakwaruzwe kwanza, lakini hakujua kwa nini. Akaokota jiwe, akakwaruza. Akaja mwalimu mmoja aliyekuwa akienda kazini, akiwa na tai na mfuko wa karatasi za mtihani. Huyo alikumbuka kwamba solusheni husubiriwa ikauke kidogo kabla ya kubandika, kwa sababu utotoni aliwahi kuchapwa kwa kukosa kusubiri. Mimi nilikumbuka baba akipuliza kiraka mara mbili kabla ya kukishindilia kwa ngumi, nikapuliza mara mbili. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ujuzi mzima. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kama watu waliogawana mkate zamani na sasa wanatoa makombo mfukoni. Kiraka kilishika. Tulishikana mikono wote wanne kana kwamba tumejenga daraja, na yule mama akarudi kwenye nguo zake.

Kiminini hadi Kamukuywa

Kiminini nilikula mandazi ya moto na chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaagiza tena. Hapo Truphosa akapiga simu.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Kiminini."

"Na anatembea vizuri?"

"Anatembea vizuri sana. Alikuwa na shida kidogo ya mguu wa nyuma, tumeshamtengeneza."

"Woi! Asichechemee tu. Amekula?"

Nilidhani ananiuliza mimi kwa heshima. "Amekula mandazi," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. "Mandazi? Shemeji, mpe nyasi bana. Na maji. Usimkimbize."

Sasa mtu mwingine angeshtuka hapo. Lakini kwetu huku ngeli zinakwenda zinavyotaka. Mtu anasema "gari amekwama" na "mtoto imelala" na maisha yanaendelea, kwa hiyo baiskeli inayotembea kama kiumbe haikunitia wasiwasi. Na Truphosa ni mtu wa utani. Nikamwambia nitampa nyasi, nikakata simu, nikafurahi kuwa na shemeji mcheshi.

Kutoka hapo hadi Kamukuywa nilikwenda kama mtu aliyelala macho wazi. Jua lilikuwa la upole. Mteremko ulinichukua, nikaacha kukanyaga, na baiskeli ikaacha kugonga, pakabaki mvumo wa upepo na harufu ya udongo uliolimwa. Katika kimya kile nilimwona baba. Sisemi kwamba nilimwona kwa macho. Nilihisi mikono yangu kwenye usukani imekaa alivyokuwa akiiweka yeye, vidole viwili kwenye breki, na nikafikiri kwamba mwili huwa unamwiga mtu bila kutuomba ruhusa. Nilikuwa na hamu naye ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na kazi nyingi ya kutafuta viti na hema.

Kwenye daraja la Kamukuywa nilisimama kuangalia maji. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi akaniuliza ninapeleka nini Malakisi.

"Sauti," nikamjibu.

Akanitazama juu hadi chini. "Basi isimwagike," akasema, akawafuata mbuzi wake.

Kimilili

Iliponimwagikia ni Kimilili, na nilikuwa nikila.

Nilikuwa nimefika nimechoka, magoti yakipiga kelele kuliko pedali. Niliegemeza baiskeli nje ya gereji ndogo ya pikipiki, nikamwomba fundi anitazamie nikapate chakula hapo jirani. Jina lake Wanjala, mtu wa makamo, mpole, mikono yake imejaa oili mpaka kwenye viwiko. Nikaenda. Nilikula ugali, matumbo na mrenda, nikalamba vidole. Niliporudi nikamshukuru, nikapanda, nikakanyaga.

Kimya.

Nikakanyaga tena. Pedali ilizunguka laini kama imepakwa siagi.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

Wanjala alitabasamu kwa fahari yote ya mtu aliyetenda wema. "Nirikuondolea ile kerere, mzee. Kotapini yako ilikuwa imekwisha kabisa. Nimeweka mpya. Usirete pesa, ni ya kukusaidia tu."

Niliketi chini, hapo hapo kwenye vumbi la oili. Sikuweza kumkasirikia, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimwambia yote: mama, lango, sahani zinazorudi jikoni zilivyo. Aliponisikia hadi mwisho, alishika kichwa.

"Woi, mzee wangu. Siku hizi sisi hatutengenezi, tunabadilisha tu. Nikasikia kerere, mkono ukaenda wenyewe."

Tulipekua debe lake la vyuma vibovu, tukalimwaga lote chini. Ile kotapini ya baba tuliipata, lakini alikuwa ameitoa kwa nyundo na ilikuwa imevunjika katikati. Niliishika kiganjani. Upande mmoja bado ulikuwa na mistari ya tupa, mistari ya mkono wa baba, iliyoinama kidogo kushoto. Niliona mama akisimama langoni, na mimi nikipita mbele yake kimya kimya kama mgeni yeyote.

"Chonga nyingine," nikamwomba Wanjala.

"Sijawahi kuchonga. Baba yangu arikuwa anachonga. Mimi nirianza kazi wakati spea ziko kila duka." Akafikiri. "Lakini niko na tupa. Na jiriwa iko. Nani atakuzuia?"

Hivyo ndivyo nilivyobaki Kimilili. Wanjala alipata bolti kadhaa za plau kwa jirani anayeuza vyuma chakavu, akabana moja kwenye jiriwa, akanipa tupa, akarudi kwenye pikipiki zake. Nilianza kusugua. Mwanzoni tupa iliruka huku na huko, ikanichuna vidole. Ile ya kwanza niliiacha nene mno, ikakaza, baiskeli ikanyamaza tuli. Ya pili niliisugua kupita kiasi, mkono wa pedali ukachomoka wote na kuniangukia mguuni. Wanjala hakucheka, ingawa mteja wake mmoja alicheka hadi akakaa.

Ya tatu niliichonga bila haraka. Jua lilikuwa limeingia gerejini kwa mlalo, na vumbi la chuma lilikuwa likielea ndani yake liking'aa. Niliacha kufikiri. Nilisikiliza tu tupa ikienda na kurudi, krii, krii, na sauti ile ilinipeleka uani kwetu, nikiwa mdogo, nimekaa juu ya gunia la tumbaku, baba kanipa mgongo, bega lake la kulia likipanda na kushuka. Alikuwa akisugua mara chache, kisha anapuliza, kisha anagusa kwa ncha ya kidole gumba. Sikumbuki aliwahi kunifundisha. Lakini nilijikuta nimepuliza, nikagusa kwa kidole gumba, na kidole kikaniambia bado. Nikasugua tena. Kidole kikaniambia basi.

Nilipotazama chini, mistari yangu pia ilikuwa imeinama kushoto.

Tuliigonga ikaingia. Gereji nzima ikanyamaza, hata yule aliyecheka. Nikapanda, nikakanyaga.

Tok.

"Ndiyo hiyo?" Wanjala akauliza kwa sauti ndogo.

Tok.

"Ni hiyo." Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuona haya. Wanjala naye alikuwa akifuta uso kwa tambara la oili, akajiachia mstari mweusi kutoka jicho hadi sikio. Aliniomba ile ya kwanza, ile iliyokaza, akaitundika kwa waya juu ya meza yake. Alisema siku moja atajaribu yake.

Barabara ya Chwele

Nililala kwa Wanjala, nikaondoka asubuhi. Barabara ya kwenda Chwele niliifurahia kuliko zote, labda kwa sababu nilikuwa nikiisikiliza badala ya kuitazama. Ilikuwa imenyesha. Migomba ilikuwa ikidondosha maji, moshi wa majiko ulikuwa ukipita chini chini juu ya paa, na tok yangu ilikuwa ikitangulia mbele kama mtu anayebisha hodi.

Nikaona jambo la ajabu. Vijana hawakugeuka. Kwao ilikuwa kelele tu ya kitu kibovu. Lakini wazee walikuwa wakiinua vichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya muwa aliacha kisu hewani. Bibi mmoja aliyekuwa akichuma kunde shambani alinyooka na kuita kwa nguvu, "Nani huyo?"

"Ni mpita njia, mama! Mulembe!"

"Mulembe," akajibu. Aliendelea kunitazama kitambo. "Nilidhani ni mtu wangu," akasema, akainama tena kwenye kunde zake. Nilikanyaga polepole hadi nikampita, kwa kuwa sikutaka kumkatia ile sauti ghafla.

Chwele ilikuwa siku ya soko, vitunguu vimerundikwa, kuku wamefungwa miguu, watu wamejaa. Truphosa alipiga simu tena, nyuma yake nikasikia watu wakiongea.

"Shemeji, mko wapi?"

"Chwele. Jioni tuko nyumbani."

"Sawa. Baba mdogo ameshafika. Amenoa."

"Amenoa nini?"

Kuku akapiga kelele karibu na sikio langu, mtandao ukakatika. Nilifikiri amesema "ameona". Ameona nini, nikajiuliza, nikaendelea kununua ndizi.

Malakisi

Nilipoikaribia Malakisi jua lilikuwa linashuka na mashamba ya tumbaku yalikuwa yametulia, majani makubwa yamelegea kwa joto la mchana. Nilifika kwenye kalavati, pale ambapo baba alikuwa akianza kusikika kutoka nyumbani. Nikashusha pumzi, nikakanyaga kwa heshima. Tok. Tok.

Lakini kwa kelele zilizotoka nyumbani, sauti hiyo sikuisikia hata mwenyewe. Uani kulikuwa na watu kama wa harusi. Moto mkubwa ulikuwa ukiwaka, sufuria tatu za kuazima zilikuwa zikichemka maji, majani ya migomba yalikuwa yametandikwa chini. Wanaume walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Baba mdogo Khaemba, ndugu wa baba aliyebaki, alikuwa amesimama katikati na kisu kirefu kinachong'aa. Waliponiona wakapiga vigelegele, kisha wakaanza kuangalia nyuma yangu.

Truphosa akaja mbio, akachungulia barabarani. "Fahali iko wapi, shemeji?"

Nikapiga kiti cha baiskeli. "Si hii?"

Alisoma yale maandishi meupe kwenye kava la cheni. Nilimwona akiyasoma herufi kwa herufi. Kisha akaweka mikono kichwani.

"Yaani," baba mdogo Khaemba alisema polepole, "nimenoa kisu siku nzima nije nichinje baiskeri?"

Kicheko kilipasuka, lakini si kwa wote. Jirani mmoja alichukua sufuria yake hapo hapo, akamwaga maji. Wafula alikuwa akinitazama kama ambavyo ndugu mdogo hupenda kumtazama mkubwa, akiwa amepata sababu. Mimi nilijaribu kueleza, baba mdogo akajaribu kunieleza mimi, kila mtu akawa anaeleza. Alisema marehemu hakukusudia ng'ombe. Siku aliyomleta mama nyumbani amekaa nyuma kwenye keria, alisema huyu ndiye fahali yake.

"Fahari, kama majivuno?" nikauliza.

"Ndio, fahali."

"Au fahali, yule dume?"

"Si ndio nasema! Fahari!"

Aliyasema yote mawili kwa namna moja, kama baba alivyoyaandika, na hadi leo sijui.

Katikati ya kelele hizo nilimwona mama. Alikuwa langoni, mahali pake pa kila jioni, nami nilikuwa nimempita bila kumwona na bila yeye kunisikia. Alikuwa mdogo sana. Alikuwa akitazama barabarani, na mgongo wake ulikuwa umetugeukia sisi sote na sherehe yetu. Nimetoka Kitale na ile sauti, nimeichonga kwa vidole vyangu, nimeimwaga langoni kwa mama kwa sababu ya neno moja.

Aliyeokoa mambo ni Truphosa. Alikuwa na kila haki ya kunikasirikia, maana aibu yote ilikuwa yake mbele ya majirani. Aliniangalia, akamwangalia mama, akaelewa.

"Rudi kwenye kalavati," akaninong'oneza. Kisha akageukia ule umati na kupaza sauti: "Nyamazeni wote! Mtu asikohoe."

Nikarudi kwenye kalavati. Nilipogeuka, uani palikuwa kimya kabisa. Watu wote walikuwa wamesimama wima, baba mdogo na kisu chake, watoto wamezibwa midomo. Jogoo pekee ndiye aliyekataa amri. Nikapanda, nikaweka vidole viwili kwenye breki.

Tok.

Mama hakusogea.

Tok. Tok.

Kichwa chake kikainuka. Mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha kichwa, ukakiweka sawa. Kisha akageuka, akaingia jikoni haraka kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka, na nilipofika langoni alikuwa ametoka na bakuli la maji ya kunawa, taulo begani.

Nikashuka. Alitazama baiskeli kwanza. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi. Kisha akanitazama usoni, na nikaogopa, kwa sababu sikujua ataniita nani.

"Simiyu," akasema. "Umekuja na baiskeli ya baba yako."

"Ndio, mama."

"Yeye yuko nyuma?"

Watu wote uani walikuwa wakinisikiliza.

"Yuko nyuma, mama."

Alifikiri kidogo. Alitazama barabara, ambayo sasa ilikuwa na giza jepesi, kisha akanimiminia maji mikononi, kama alivyokuwa akimmiminia yeye.

"Basi tule," akasema. "Tutambakishia."

Truphosa alichinja kuku, kwa kisu kikubwa mno kwa kuku. Mama alikula ugali na paja zima, akaomba mchuzi. Hakuna aliyeongea kwa sauti alipokuwa akila. Baba mdogo Khaemba alikaa karibu naye, akimwekea minofu pembeni ya sahani, na alipopewa shingo yeye mwenyewe hakulalamika. Sahani ya baba ilifunikwa, ikawekwa mezani.

Kurudi

Kesho yake jioni mama alienda langoni tena. Nilikuwa nimelijua hilo, ingawa nilitumaini vingine. Nikaipeleka baiskeli hadi kalavati, nikarudi nayo, naye akaleta maji, akauliza kama baba yuko nyuma, tukala. Nilikaa kwa siku kadhaa na kila jioni ilikuwa hivyo.

Lakini kibanda changu kiko Kitale, na mke wangu alikuwa ameanza kuuliza kama nimeoa huko. Kabla sijaondoka nilimkalisha Wafula uani na bolti ya plau na tupa. Alisema hana mkono wa vitu hivyo. Nikamwambia asugue kidogo, apulize, aguse kwa kidole gumba. Aliharibu bolti mbili na kunilaumu kwa zote. Nilirudi kwa gari, nimekalia upande mmoja, nikiwa sijui kama amejifunza chochote.

Jana mvua ilipokuwa ikinyesha hapa Matisi, Truphosa alipiga simu. Alisema kotapini niliyochonga mimi ilikatika jioni, Wafula akiwa bado kwenye kalavati na mama akiwa tayari langoni. Wafula aliisukuma baiskeli kupitia shamba la nyuma ili mama asione, akajifungia stoo. Walimsikia akisugua, akitukana, akisugua tena. Mama alisimama langoni muda wote huo, na giza likaingia.

"Halafu?" nikauliza.

Sikusikia kitu isipokuwa mvua, yangu na yao.

"Amekula," Truphosa akasema.